Ng'ombe Asiye na Mtoaji

Mukabalisa aliingia soko la mifugo la Gashonga, mwaka 1999, na ng'ombe mmoja na shida moja. Mvua ilikuwa njiani, naye tangu arudi kutoka Kongo alikuwa analala na wanawe watatu chini ya hema la plastiki. Ng'ombe akiuzika, mabati yatapatikana. Marehemu mumewe, Habineza, hakumwachia kingine.

Dalali alikwisha kumfunua ng'ombe mdomo, anatazama meno na kusema uongo wa kawaida wa madalali, mwanamume mmoja aliposogea akamshika ng'ombe sikio lenye pengo la alama. Alijitaja kuwa Ntabaza, amevuka daraja la mpakani la Rusizi ya Pili asubuhi ile akitokea Bukavu.

"Hii ngombe ni ya kwetu," alisema taratibu. "Iliibiwaka wakati ya vita."

Watu wakawazunguka. Soko lile halikuwa na subira na wezi. Mwezi uliopita mmoja alitolewa kwa machela. Mzee Rutayisire, msimamizi wa soko, akapenya kwa fimbo yake.

"Maman, uliitoa wapi?"

"Bwana yangu alipewaka na rafiki, ngambo ya Kongo."

"Basi taja jina ya huyo rafiki."

Swali jepesi, nalo lilimkata maini. Kwao, aliyepewa ng'ombe humshukuru mtoaji kwa jina, mbele za watu, maisha yake yote; hata mlevi hasahau. Habineza, aliyekuwa na maneno kuliko redio, hakuwahi kumtaja mtoaji wake. Miaka mitatu mkewe alimwombea mtu asiye na jina na hakujiuliza. Upumbavu ulioje.

Angeweza kutaja yeyote. Bukavu ilikuwa na wafu wengi wasioweza kukana. Jina la jirani wa zamani lilimfika ulimini. Ntabaza alikuwa akimkuna ng'ombe shingoni, na ng'ombe yule, mpiga teke wa kila mgeni, alikuwa amefumba macho.

"Hakunitajiaka," Mukabalisa alisema, akampa Ntabaza kamba.

Watu walianza kutawanyika. Ntabaza hakuondoka.

"Mudogo yangu ndiye alikuwa anaichunga. Hatujamuona tangu ile siku. Pengine bwana yako alikuambia alimuacha wapi."

Mukabalisa alilikumbuka shati lenye madoa ambalo Habineza alivaa siku aliyomleta ng'ombe. Alilifua mara mbili, akiamini ni damu ya mbuzi wa karamu, kama alivyoambiwa. Machozi yalimtoka mbele ya soko zima.

"Musimungoje tena, papa," alisema.