Mdhamini wa Diski ya Sokoni

Ngamia mmoja alikuwa na wenyewe wawili: Shamso, dalali wa siku nyingi katika soko la mifugo la Garissa, na Khalif wa Balambala, aliyemkuta katika kundi lake akamzoea.

Ushahidi ulikuwa ndani ya diski. Zamani kamati ya soko ilinunua mashine ya kupiga picha chapa za mifugo na kuzitunza kwa majina ya wenyewe. Mashine ikafa, kampuni iliyoitengeneza ikafungwa, ikabaki diski ambayo kila kompyuta ilisema ni tupu. Haikuwa tupu. Ilipanga mafaili yake kwa utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuifundisha kompyuta nyingine kuusoma.

Mahat, mtoto wa kaka yake Shamso na fundi wa kompyuta, aliukalia utaratibu huo wiki sita akaandika programu ya kuusoma. Picha ikafunguka: ngamia, shingo, chapa ya Shamso. Akaibeba kompyuta yake hadi mbele ya kamati, akitembea kama bwana harusi.

Mwenyekiti, Mzee Nunow, hakuitazama.

"Kompyuta ya nani?"

"Yangu."

"Programu?"

"Yangu."

"Na anayedai ngamia?"

"Shangazi yangu."

"Mashallah. Ni familia nzuri."

Kamati ikaamua kwamba kompyuta ya ofisi yake isome diski yenyewe, bila Mahat kuigusa. Kompyuta hiyo ilitumia mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote na kugawiwa bure. Basi ilibidi watu hao waikubali programu ya Mahat, waiingize katika toleo lijalo, imfikie kila mtu, Nunow akiwemo. Hadi hapo ngamia akae kwa Khalif.

Mahat akaituma. Msimamizi wa upande wa diski katika mfumo huo, mwanamke wa Norway, alijibu kwa adabu: programu inafanya kazi, lakini nani ataitunza ikiharibika? Wengi huleta programu wakapotea. Mahat alimwandikia aya tisa, ya sita ikimuuliza kama amewahi kumwona ngamia. Hakujibiwa.

Shamso alisomewa barua zote kibandani, akinywa chai.

"Kwa hiyo umemtukana."

"Nimemweleza, eeddo, shangazi yangu."

"Mtu akija Jumatano, siku ya soko, na ngamia, simjui yeye wala mnyama wake, namwambia nini?"

"Alete mdhamini."

"Naye akinijibu kwa matusi?"

"Unanunua kwa mwingine."

"Huyo mama amekuuliza swali la sokoni. Mjibu kama mtu wa sokoni."

Kuomba radhi kulimchukua Mahat siku nne, kwa mistari mitatu. Chini yake akaandika jina lake kamili na ahadi kwamba kwa miaka mitano kila lalamiko litakuja kwake. Mwanamke yule akamrudishia marekebisho arobaini na moja. Mahat aliyafanya yote, thelathini na nane kimyakimya.

Toleo lilitoka baada ya miezi saba. Ngamia naye alikuwa ameshazaa.

Jumatano iliyofuata karani wa kamati alichomeka diski. Mahat aliwekwa nje ya dirisha, mikono yake ikionekana. Picha ikafunguka. Nunow aliitazama, akamwita Khalif, naye akaitazama muda wa mtu kusoma Fatiha mara mbili.

"Chapa ni yake," Khalif akasema.

Nje ya dirisha mikono miwili ilipanda juu, ikakumbuka, ikashuka. Ndani, Shamso hakusogea.

"Lakini nimemlisha miezi saba," Khalif akaongeza.

"Na maziwa, tangu azae?" Shamso akauliza.

"Nilikunywa."

"Na watoto wako?"

"Nao walikunywa."

"Na majirani?"

Khalif aliangalia viatu vyake. "Yalikuwa mengi."

"Najua," Shamso akasema. "Ni ngamia wangu."