Mafuta Halisi ya Mwanatumu

Mwezi wa saba baridi iliingia Msambweni, ile ya kuwatafutisha wazee shuka mapema, na mafuta ya nazi ya Mwanatumu yakaganda nusu: chini uji mweupe, juu maji ya dhahabu. Hakushtuka. Yalifanya hivyo tangu enzi za mamake.

Aliyeshtuka ni Winrose, msichana wa Kikamba aliyekuwa akiwakanda wageni kwa mafuta kwenye hoteli moja kule Galu. Kila Jumatatu alikuja kuchukua chupa yake, akaketi mkekani, akanywa chai na kusimulia vituko vya Wazungu mpaka Mwanatumu akatokwa na machozi kwa kucheka. Tangu mume afariki na binti aolewe Vanga, hakuna mwingine aliyepiga hodi pale. Watu husema upweke huzoeleka. Waongo hao.

"Shikamoo, mama. Hii mafuta umeweka nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nitie nini? Ni nazi tupu. Nimekuna mwenyewe, nikakamua tui, nikalichemsha mpaka mafuta yakapanda. Hiyo ni baridi tu."

"Kitu halisi huganda yote pamoja, mama. Tulifundishwa shuleni. Hapa naona vitu viwili."

"Wallahi ni halisi!"

"Basi mbona imegawanyika?"

Kwake Mwanatumu, halisi ni kile ambacho mkono wa mtu haukutia kitu. Kama nazi yenyewe ilizaliwa na mafuta ya namna mbili tumboni, ya kuganda haraka na ya kukawia, hayo alikuwa akiyajua Muumba. Lakini maneno hayo yalimjia baadaye, Winrose keshaondoka. Chupa aliiacha. Tangu zile ghasia za mwaka wa tisini na saba zilizowatisha watalii, alisema msichana, wageni ni wa kutafutwa kwa tochi. Akilalamika mmoja tu, kazi hana.

Jumatatu iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Mwanatumu aliandaa vikombe viwili, akanywa kimoja, cha pili akakimwaga uani. Ilimuuma kuliko alivyodhani.

Mwishowe akaenda dukani kwa Sefu, akanunua mafuta ya alizeti, yale yasiyoganda hata uyaapize. Akafunga mlango, akayachanganya na yake nusu kwa nusu, akijiona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Asubuhi chupa ilikuwa angavu hadi kitakoni. Akamtumia Winrose salamu.

Msichana akaja. Akaiinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza, uso ukamkunjuka.

"Eeh! Sasa hii ndiyo halisi, mama. Hii hujachanganya kitu."

Safari hii hakutaka kiapo. Mwanatumu alifungua kinywa aseme kweli. Akamtazama Winrose akivua viatu, akiketi mkekani palepale pake.

"Chai yako," akauliza, "nikutilie tangawizi?"