Ufito wa Mzee Kinyua

Kagure aliingia katika duka la vifaa vya uvuvi la Kiambi akiwa na nia ya kuangalia tu. Alikuwa akilipita kila jioni akitoka shule anakofundisha, hapo mjini Nyeri, na kila mara miguu ilitaka kukata kona. Jumamosi hiyo akaiachia.

Ndani kulinukia mpira mpya na nta. Fito za kuvulia zilisimama ukutani, fupi kwa ndefu, kama wanakwaya. Kulikuwa na mishipi ya kila rangi, mabuti ya kufika kiunoni, nyavu ndogo za mkono na kofia zenye mifuko pembeni. Chini ya kioo cha kaunta, ndoano zilizofungwa manyoya ya kuku zilifanana kabisa na wadudu wa mtoni, kila aina katika kijisanduku chake. Kagure aliinama juu yake akasahau kwamba alikuwa njiani kwenda sokoni.

Baba yake, marehemu mzee Kinyua, angehamia humu na blanketi lake. Alivua samaki wa trauti katika mto Gura maisha yake yote, na Kagure ndiye aliyembebea kikapu. Ufito wake ulikuwa mmoja tu, wa mwanzi, alioutengeneza mwenyewe.

Kagure akainua macho, akauona.

Ulikuwa umetundikwa juu ya kaunta, umepakwa vanishi. Kwenye mshikio palizungushwa uzi wa kijani. Uzi huo ulitoka kwenye sweta yake ya shule ya msingi. Mshikio ulipopasuka, baba alifumua mkono wa sweta ile akaufunga, kisha akamwambia, "Sasa ni wetu wawili. Nikienda, utabaki nao."

"Huo siuzi, mwalimu," Kiambi alisema alipomwona ameukodolea macho. "Ni wa kuvutia watu tu. Mtu anaingia kuuangalia, anatoka na kitu ingine."

"Uliutoa wapi?"

"Aliniuzia jamaa wa Othaya anaitwa Muchiri. Alisema babake amefariki, na hakuna mtoto anataka mambo ya samaki."

Muchiri alikuwa kaka yake, tumbo moja.

"Aliuleta lini?"

"Nikifungua duka. Kabla ya Pasaka."

Kagure alishika ukingo wa kaunta. Baba alikufa mwezi wa Mei. Pasaka hiyo alikuwa hospitalini, na aliuliza ufito wake uko wapi. Muchiri, akiwa ameketi kando ya kitanda, alimjibu, "Uko nyumbani, baba. Nimeufungia chumbani." Mzee alitabasamu akafumba macho.

Baada ya mazishi, Muchiri alitangaza kwamba ufito umeibwa, akamnyooshea kidole Mutahi, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa mzee. Alimfukuza mbele ya watu, kwenye kituo cha kupimia majani chai. Kagure alikuwapo. Alimwamini kaka yake.

Alimweleza Kiambi yote hayo. Kiambi alipanda kiti, akaushusha ufito. "Ningejua mzee yuko hai nisingeupokea," alisema. "Beba, mama. Si wangu."

Siku hiyohiyo Kagure alifika kwa Muchiri, Othaya, akauweka ufito mezani, juu ya vikombe vya chai. Muchiri aliutazama, kisha akatazama dirisha.

"Mzee alikuwa anaenda tu," alisema. "Hata daktari alisema. Na wewe uko na bwana, uko na kazi. Ati ungeenda mtoni kufanya nini?"

"Ulimwambia uko chumbani. Alilala akiamini hivyo."

"Ulitaka nimwambie nini? Si alilala vizuri?"

"Na Mutahi?"

"Mutahi alipata kazi ingine. Mbona unachimba vitu vimezikwa?"

Kagure alingoja aseme neno moja la kusikitika. Muchiri alijimiminia chai. Kagure aliuchukua ufito akatoka.

Jumamosi iliyofuata alimtafuta Mutahi huko Wang'uru, akamkuta kwenye kinu cha mpunga, mabega meupe kwa vumbi. Alimwambia alichokiona dukani na akamwomba msamaha. Mutahi alisikiliza bila kuacha kushona mdomo wa gunia.

"Mimi nilimwona akiutoa nyumbani," alisema mwishowe. "Lakini Muchiri ni damu yako. Ningesema, ungemwamini nani?"

Kagure aliinama akamshikia mdomo wa gunia.

"Msamaha wa hapa hausikiki Othaya," Mutahi akaendelea. "Hapa hakuna aliyeniita mwizi. Uende ukaseme pale pale."

Naye akaenda. Ilikuwa asubuhi, wakulima wamepanga foleni na vikapu vyao kituoni. Kagure alisimama kando ya mizani, akasema kwamba Mutahi hakuiba kitu, na kwamba ufito uliuzwa na mtoto wa mzee, mzee akiwa bado anapumua. Hakutaja jina. Haikuhitajika. Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, naye alikuwa kwenye foleni.

Muchiri aliokota kikapu chake, majani hayajapimwa, akapita karibu na dada yake bila kumwangalia. "Umeniuza," alisema kwa sauti ya chini.

Kagure alitaka kucheka, akashindwa. Alibaki amesimama hapo akilia, na hakuna aliyemuuliza analilia nini.