Somo la Leo ni la Nani

Mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Kinyozi huyo alianza kuongea alipofungua kufuli la saluni asubuhi, akanyamaza alipolifunga jioni. Alikuwa na mkono mwepesi, moyo mweupe na mdomo usio na breki.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili mbele ya kioo kirefu, na benchi la kungojea nyuma. Kiti cha dirishani kilikuwa chake. Kile cha ukutani kilikuwa cha mwenzake, mtu mrefu, mtulivu, ambaye wateja walimwita Taratibu. Walijifunza ufundi pamoja wakiwa vijana, wakaungana kukodi chumba, na tangu hapo walifanya kazi bega kwa bega. Redio aliongea, Taratibu aliguna. Mambo yalikwenda.

Kisha Redio akaanza kusoma Biblia kila siku.

Wazo lilikuwa la mkewe. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Jumapili moja walifundishwa kanisani kwamba Mkristo hukua kama mtoto anavyokua, kwa kula kila siku, si kwa kushiba mara moja kwa wiki. Waliporudi nyumbani mke akasema, "Mume wangu, sisi tumedumaa." Kesho yake wakasogeza vitambaa pembeni mwa meza ya kushonea, wakaomba, wakasoma sehemu fupi, wakakaa kimya kidogo, kisha wakanywa chai. Wakashika utaratibu huo.

Mke alisoma polepole. Alichukua sentensi moja akaenda nayo kwenye cherehani, na mchana ungemkuta bado anaigeuzageuza kichwani huku akipinda pindo la sketi. Redio alisoma kama mtu anayekula amesimama. Ile sehemu ya kukaa kimya ilimtesa. Alikohoa, alitikisa mguu, alichungulia kama mkewe amefumbua macho. Lakini alipenda kusoma, tena alipenda kwelikweli. Hata hivyo, kabla wiki hazijawa nyingi, alijitungia imani yake ndogo ya pembeni: kwamba Mungu humpa somo la asubuhi kwa ajili ya mteja wa kwanza atakayekaa kwenye kiti.

Hapo ndipo vituko vilipoanza.

Siku somo lilipohusu kiburi, aliyekaa kwanza alikuwa mzee wa kanisa mwenye upole usio na kifani. Redio akamfunga kitambaa shingoni, akamfundisha unyenyekevu kuanzia kisogoni hadi kidevuni. Mzee aliitikia yote. Mtu aliyewekewa wembe kooni hukubali fundisho lolote.

Siku somo lilipohusu uzinzi, aliyekaa alikuwa fundi bomba, na kwenye benchi alikuwa ameketi shemeji yake, kaka wa mkewe, amekunja mikono.

"Fundi," Redio alianza kwa huruma, "sijui unapitia nini, lakini leo Bwana ananiambia nikwambie urudi kwa mkeo."

"Nirudi kutoka wapi?" fundi bomba akaruka, povu likimdondoka shavuni. "Nimetoka nyumbani sasa hivi! Chai nimekunywa huko!"

"Hata mimi ningependa kusikia," alisema yule shemeji kutoka kwenye benchi.

Ilimchukua fundi bomba siku kadhaa kulisafisha jina lake. Wateja nao wakajifunza. Mwalimu wa shule ya jirani akawa anasimama mlangoni kwanza, mguu mmoja ndani na mmoja nje. "Leo mmesoma nini?"

"Uchoyo."

"Basi ngoja nikamwite mwenye nyumba wangu, huyo ndiye wa kwanza leo."

Benchi lote lilicheka, na Redio alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Aliamini anatumika. Taratibu alimtazama kwenye kioo, akaguna, akaendelea kuchonga ndevu za mtu.

Basi ikafika wiki ambayo Taratibu alianza kuchelewa. Leo kidogo, kesho zaidi. Aliingia jua likiwa limeshapanda, macho mekundu, akaomba radhi kwa kichwa tu, akawasha mashine. Siku ya nne ya mtindo huo, somo la asubuhi lilikuwa limehusu uvivu: mtu aliyelala huku shamba lake likiota magugu. Redio alifungua saluni akiwa na somo mkononi kama mtu aliyebeba chungu cha moto, anatafuta pa kukitua. Mteja wa kwanza alikuwa mwanafunzi mwenye bidii ambaye hata kwenye kiti alisoma daftari lake. Haikuwezekana kuwa yeye. Benchi lilikuwa limejaa, na mlango ukafunguka, na Taratibu akaingia akipiga miayo.

"Aha!" alisema Redio, akageuka na mashine hewani. "Kumbe la leo ni la ndugu yangu mwenyewe! Njoo usikie, bwana. Tumesoma habari za mtu aliyependa shuka kuliko kazi. Magugu yanaota, yeye anakoroma. Wateja hawa wote wamekuja wakati wewe bado unajigeuza upande wa pili. Ni Mungu anayesema, si mimi!"

Wawili watatu walicheka, halafu wakaacha, kwa sababu Taratibu hakuguna. Alikwenda kwenye kiti chake, akazungusha waya wa mashine yake taratibu, akaifuta, akaitia mfukoni pamoja na brashi na kitana.

"Nimesikia," alisema, akatoka.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Fundi bomba, ambaye habari za watu wengine zilimfariji siku hizo, alileta taarifa kwamba mwenye saluni kubwa ya karibu na stendi amempa Taratibu nafasi ya kiti, anangoja jibu lake tu.

"Atakataa," alisema Redio.

"Kwa nini akatae? Kule kuna feni. Na hakuna mahubiri."

Redio alijichekesha, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Alikitazama kile kiti cha ukutani, kitupu, na kwa mara ya kwanza alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ikirudi kutoka ukutani.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mtaa wote uliliona. Kinyozi hawezi kujinyoa kisogo chake. Hawa wawili walikuwa wakinyoana wao kwa wao, kila Jumatatu kabla ya kufungua, na hakuna kati yao aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Sasa Jumatatu zilipita. Nywele za Redio zilifumka juu ya masikio. Na waliomwona Taratibu sokoni walisema kichwa chake nacho ni kichaka kitupu.

"Redio, huko juu vipi?" walimtania. "Umeweka nadhiri?"

Kila asubuhi aliomba juu ya jambo hilo, kwa sauti kubwa. "Bwana, ulainishe moyo wa Taratibu. Mwonyeshe kosa lake la kuzira. Mrudishe." Mkewe aliitikia amina, lakini ilichelewa kidogo kutoka, kama shilingi iliyonasa kwenye pindo la mfuko.

Asubuhi moja wakafikia sehemu iliyowahimiza watu wawe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Redio akapiga meza, vifungo vikaruka kwenye kopo.

"Umeona? Hili ni la Taratibu moja kwa moja! Mtu mzito wa kusikia. Mtu anaambiwa neno moja, anabeba mashine yake anaondoka!"

Mkewe alimtazama. Alifungua mdomo ili ajibu, badala yake akaanza kucheka. Alicheka akaweka Biblia chini, akacheka akashika mbavu, akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Nini?" aliuliza Redio. "Nini sasa?"

"Taratibu!" alisema alipopata pumzi. "Taratibu ndiye mzito wa kusikia! Mume wangu, mtu huyo amekusikiliza wewe tangu mkiwa hamna ndevu!"

Redio akalirudisha kopo la vifungo mahali pake.

"Nikuambie kitu, usikasirike," mke aliendelea, sasa kwa upole. "Unasoma kama tarishi. Barua zote unazobeba ni za watu wengine. Unazunguka nazo mtaa mzima, huyu yake, yule yake, unarudi nyumbani mfuko mtupu. Hata moja hujawahi kuifungua ukakuta jina lako."

"Lakini alikuwa anachelewa kweli."

"Kwa sababu mama yake alianguka bafuni akaumia nyonga. Mkewe ni mpishi wa shule, anaondoka alfajiri. Kwa hiyo ni yeye anayemwamsha mama, anamwogesha, anamlisha, anamnyoosha miguu kama daktari alivyoelekeza, ndipo aje kazini."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Mimi nilikuambia. Mezani hapahapa, siku niliyotoka kumwona. Ukanijibu kwa mstari."

Chai ilipoa. Redio alijaribu kuukumbuka mstari huo akashindwa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliirudia ile sehemu ya asubuhi, safari hii bila haraka, kidole kikifuata maneno. Kile kimya kilichokuwa kikimtesa siku zote kilikaa naye mezani, na hakutikisa mguu.

"Tuombe tena," alisema hatimaye. Akainamisha kichwa, na yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema alisema tu, "Bwana, ni mimi." Amina ya mkewe ilikuja papo hapo.

Hakufungua saluni. Alikwenda moja kwa moja kwa Taratibu, na njiani alipanga hotuba nzuri yenye utangulizi. Lakini mlango ulipofunguliwa, Taratibu alikuwa amekunja mikono ya shati, beseni la maji kiunoni, na kichwa chake kweli kilikuwa kichaka. Hotuba ikapotea yote.

"Una somo?" aliuliza Taratibu.

"Sina."

Taratibu alimpima kwa macho. "Basi shika upande huu. Namhamishia kwenye kiti, na peke yangu anaumia."

Wakaingia. Mama mzee aliketi ukingoni mwa kitanda, mdogo wa umbo, macho makali. Walimshika huku na huku, wakamwinua polepole, wakamketisha karibu na dirisha.

"Nani huyu mwenye kichwa kama fagio?" aliuliza.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Redio! Mbona kimya? Betri zimekwisha?"

"Karibu zikwishe, mama."

"Zisikwishe zote. Huyu wangu hasemi, nitakufa kwa upweke."

Taratibu aliinama kumvalisha mama soksi. Redio akaona asipoongea sasa hataongea tena.

"Ndugu yangu, nilikuita mvivu mbele za watu. Wewe ulikuwa umeshafanya kazi ya nusu siku kabla mimi sijapiga mswaki. Sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza wala sikusikiliza. Halafu nikamsingizia Mungu. Nisamehe."

Taratibu alimaliza soksi ya kwanza. Akaanza ya pili. Mdomo wa Redio uliwasha, maneno yalijaa hadi kwenye meno: aeleze nia yake, ataje uchovu, alete hata mzaha mmoja. Aliyameza yote.

"Kila asubuhi niliyochelewa," Taratibu alisema mwishowe, akiwa bado ameinama, "nilikuwa nikisema moyoni, leo ataniuliza. Hata kama ni kwa ukali. 'Wewe, una nini?' Basi. Ningekwambia." Akanyoosha mgongo. "Mtu wa stendi nimemwambia nitampa jibu leo."

"Ukienda, nenda kwa amani. Sikuja kukuzuia. Ukibaki, asubuhi niachie mimi, wateja wako nitawahudumia, uje mama akishakaa vizuri. Lakini hata ukienda, nitapita hapa kukusaidia kumwinua."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ni njiani."

"Si njiani. Ni upande wa pili kabisa."

"Basi nitazunguka."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Vinyozi wawili ndani ya nyumba," alisema, "na mimi nimezungukwa na manyoya kama niko bandani. Nyoaneni kwanza, mtagombana baadaye."

Taratibu akaguna. Ulikuwa ule mguno wake wa zamani, na Redio alipousikia macho yalimchonyota. Mashine ilitolewa mfukoni. Mama alisimamia kazi yote kutoka kitini pake, akikosoa kila upande, na hapakuwa na mkato hata mmoja uliompendeza.

Walifika saluni pamoja, vichwa viking'aa. Mwalimu na fundi bomba walikuwa wameshakaa nje wakingoja. Redio aliwaingiza, na kabla hajafunga aproni akasimama mbele ya benchi.

"Nilimsema ndugu yangu mbele yenu, basi nifute mbele yenu. Hakuwa amelala. Alikuwa anamuuguza mama yake. Mjinga nilikuwa mimi."

"Na mimi?" aliuliza fundi bomba.

"Na wewe pia, fundi. Nisamehe sana."

"Umwambie shemeji."

"Nitamwambia. Mlete."

Fundi bomba akapanda kwenye kiti cha dirishani akiwa ameridhika. Redio alimfunga kitambaa, akachukua brashi. Sehemu ya asubuhi ilikuwa bado inamzunguka kichwani, lakini aliiacha izunguke huko huko.

"Nyumbani hawajambo?" aliuliza.

"Hawajambo," alijibu fundi bomba kwa mazoea, akafumba macho kusubiri mahubiri. Hayakuja. Akafumbua jicho moja. Kwenye kioo alimwona Redio amesimama na brashi mkononi, anamsubiri.

"Kusema kweli," fundi bomba akasema polepole, "binti yangu mkubwa ananisumbua akili."

Akaanza kueleza. Alieleza kuhusu binti, akaeleza kuhusu mchumba wa binti, akarudi nyuma kueleza kuhusu baba wa mchumba. Redio alinyoa kidogo, akasimama, akauliza swali, akanyoa kidogo tena. Kwenye kiti cha ukutani Taratibu alimaliza kumnyoa mwalimu, akamnyoa mwingine, akakung'uta kitambaa. Benchi lilizidi kujaa.

"Redio," aliita, "watu wanangoja."

"Subiri, ndugu yangu," alisema Redio bila kugeuka. "Bado hajamaliza."