Asilimia Kumi na Nane

Vifungo saba vya gauni vilimchukua Mama Pacha robo saa. Binti zake walitaka kumsaidia, akawakatalia. Mahakamani angeulizwa anaweza nini na hawezi nini, na alitaka kujibu kwa hakika. Mkono wa kulia ulibaki na kidole gumba kisichokunjika na kile kidogo cha mwisho. Vitatu vya katikati vilikwenda na rola ya kupigia pasi mashuka, katika kiwanda cha kufulia alichokitumikia miaka kumi na mmoja.

Saa mbili asubuhi alikuwa kwenye benchi la mahakama. Karani alipita akasema faili halionekani. Akapita tena akasema limeonekana, ila hakimu hajafika. Saa tano na nusu ndipo jina lake lilipoitwa, tena limekosewa.

Mlangoni akakutana uso kwa uso na Chiriku. Kwa miaka walisimama pande mbili za rola moja, huyu akiilisha shuka, yule akilipokea. Wenzao walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini tangu ajali, mwaka na miezi miwili, hakuwa amekanyaga kwa Mama Pacha hata mara moja. Leo alivaa sare ya kazi.

"Shoga, wameniita wao niwe shahidi wao," alinong'ona. "Nisingekuja, nisingekuwa na kazi."

"Kaseme ulichoitiwa," Mama Pacha akamjibu, akapita.

Wakili wa kampuni alikuwa mtu mpole, sauti yake kama ya anayemuuguza mgonjwa. Hoja yake kuu ilikuwa moja: mfanyakazi alikaidi. Alionywa asinyooshe shuka kabla ya kubonyeza swichi nyekundu ya kuzimia mashine, na aliyejiumiza kwa ukaidi hana fidia. Kisha, kuonyesha kwamba mkono bado unafanya kazi, akatoa picha.

"Ni wewe huyu, hapa bombani?"

"Ni mimi."

"Na ndoo imejaa?"

"Imejaa."

"Mkono wa kulia, mama."

"Nimeitundika kwenye kiwiko. Maji hayangoji vidole viote."

Mtu akacheka nyuma. Hakimu, mama wa makamo aliyebanwa na mafua, alipenga kamasi akaandika.

Chiriku akaitwa kizimbani, akaapishwa.

"Mwenzako alijua kazi ya swichi nyekundu?" wakili aliuliza.

"Alijua."

"Na siku ile hakuibonyeza."

Chiriku alitazama sakafu. Aliposema, alisema haraka, kama anayetema kitu cha moto. "Aliibonyeza. Na mimi niliibonyeza ya upande wangu. Zote mbili zilikuwa zimekufa tangu mwezi uliotangulia. Tulimwambia msimamizi, akasema fundi atakuja, nyie pigeni kazi, mashuka ya watu yanangoja. Mimi ndiye niliyekimbia kung'oa waya ukutani. Nilichelewa."

Wakili hakushtuka. Aliinama kwa ofisa wa kampuni, wakanong'onezana kidogo, akainuka. "Mheshimiwa, tunaondoa hoja ya ukaidi. Tunakubali ajali ilitokea kazini. Kilichobaki ni kiwango cha ulemavu tu, ndicho kinachopanga malipo."

"Basi habari za swichi hazipo tena mbele yangu," hakimu alisema, akapiga mstari kwenye karatasi. "Shahidi, shuka."

Chiriku alibaki amesimama, mdomo wazi, mpaka askari alipomgusa bega.

Mezani palikuwa na ripoti mbili. Daktari aliyemtibu Mama Pacha aliandika asilimia arobaini na tano, kwa kuwa mkono ule ndio uliokuwa ukimlisha. Aliitwa mara mbili kuja kuitetea ripoti yake, na mara zote mbili alikuwa zamu. Daktari wa bima, aliyemwona mgonjwa dakika kumi, aliandika kumi na nane. Yeye alikuwepo, na tai shingoni. Alieleza kwamba jedwali la sheria linahesabu vidole. Haliulizi vilikuwa vikifanya kazi gani.

Hakimu alivua miwani. "Mama, pole sana. Ripoti ambayo mwandishi wake hakuja kuulizwa maswali, siwezi kuiegemea. Ni kumi na nane. Usiporidhika, kata rufaa ndani ya siku thelathini."

"Na kazi, Mheshimiwa? Nitashika nini?"

"Hilo halimo kwenye shauri."

Faili lingine likafunguliwa.

Kwenye ukumbi ofisa wa kampuni alimpita Chiriku bila kusimama. "Sare uilete kesho," alisema. "Iwe imefuliwa."

Mama Pacha alimshika Chiriku mkono kwa ule wake wa kushoto, akamvuta hadi dirishani kwa karani.

"Fomu ya rufaa."

"Mama, rufaa hula hata miaka miwili," karani alisema. "Chukua ulichopata. Kidogo si haba."

"Nipe fomu."

Wakakaa kwenye ngazi. Chiriku akashika kalamu, kwa kuwa wa kuandika alikuwa yeye.

"Niandike sababu gani? Daktari?"

"Daktari mweke wa pili. Kwanza andika swichi zilikuwa zimekufa, na msimamizi alijua."

"Si kasema hazipo mbele yake?"

"Zilikuwepo. Kazipiga mstari. Andika."

Chiriku akaiegemeza karatasi gotini. Aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza. Nafasi iliyoachwa kwa ajili ya sababu ilipojaa, aliigeuza karatasi akaendelea nyuma.