Goti la Kona ya Mbele

Evelio Maca aliumia Jumapili, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya soko, wala hakuna aliyemgusa. Alikuwa anaufuata mpira, akageuka ghafla, mwili ukaenda na mguu ukabaki pale pale. Akasikia kitu kimelia ndani ya goti kama kijiti kikavu kinachovunjika. Wenzake walicheka kwanza, maana katika mji wa San Telmo mtu anayejiangusha mwenyewe huchekwa kabla ya kuinuliwa. Walipoona uso umempauka wakaacha. Kabla jua halijatua goti lilikuwa limevimba likawa kama papai.

Kwa desturi ya mji ule, goti halipelekwi hospitali kabla halijapita mikononi mwa mkandaji. Mkandaji akalipaka mafuta ya kuku, akalisugua, akalivuta, akasema ni mshipa umepanda juu ya mwenzake, akalifunga kitambaa. Baada ya wiki tatu uvimbe ulikwisha. Ungekwisha hata goti lingekandwa na paka, lakini sifa zote zilimwendea mkandaji. Evelio akarudi kwenye karakana yake ya pikipiki akitembea vizuri kabisa. Ila kila alipogeuka kuchukua spana nyuma yake, goti lilimtoka. Halikumuuma sana. Liliondoka tu, kama mtu anayetoka kwenye shughuli bila kuaga.

Mkewe, Dorelly, alimshuhudia akianguka jikoni mara mbili, na mara ya pili alikuwa amebeba sufuria ya moto. Hakumuuliza tena. Alimpandisha basi la kwenda mji wa Popayán akampeleka kwa daktari wa mifupa.

Daktari Nubia Cifuentes alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono yenye nguvu. Hakuanza na mashine. Alimlaza, akaanza na goti zima ili alijue lilivyoumbwa, ndipo akalishika bovu. Akalikunja kidogo, mkono mmoja juu ya goti na mwingine chini yake, akauvuta mfupa wa chini kuja mbele. Kwenye goti zima mfupa ulisogea kidogo ukagota, kama droo iliyofika mwisho. Kwenye bovu ulikuja, ukazidi kuja, haukugota popote. Evelio alihisi mwenyewe, na hofu ikamwingia. Mashine ya MRI, waliyoingoja kwa wiki kadhaa kwa sababu ya foleni ya bima, haikusema kingine: kano ya mbele, ile inayojificha katikati ya goti, ilikuwa imekatika yote. Vipande viwili vya gegedu vinavyokaa kati ya mifupa kama matakia vilikuwa bado vizima.

"Don Evelio," daktari alimwambia, "njia ikinyooka utatembea mpaka Cali. Shida yako ni kona."

Akamweleza matibabu bila haraka. Kwanza gango la kulishikilia goti, lenye vyuma pembeni na mikanda minne. Kisha mazoezi ya kuipa misuli ya paja nguvu ishike kazi iliyoachwa na kano. Kisha, kwa mtu wa kazi kama yake, upasuaji: atakata ukamba wa nyuma ya paja, ataupitisha ndani ya goti uwe kano mpya, na hapo itakuwa karibu mwaka mzima wa subira. Lakini jambo moja alilirudia akimtazama usoni. Goti hilo likimtoka akiwa na mzigo, gegedu itachanika, na gegedu ikishaharibika yote hairudi. Evelio akamuuliza kuhusu Ijumaa Kuu. Daktari alizaliwa milima ile ile, hakuhitaji kuelezwa. Alisema mwaka huu asibebe, basi.

Ni rahisi kusema ukiwa Popayán. Huko San Telmo, sanamu ya Bwana wa Nguzo, Yesu aliyefungwa nguzoni, hutoka kanisani Ijumaa Kuu juu ya jukwaa la mwerezi lililojaa mapambo ya fedha na mishumaa, na wanaume wanane huliweka mabegani, wanne mbele na wanne nyuma. Mahali pa mbebaji hurithiwa. Kona ya mbele kushoto ni ya kina Maca, na mtu wa kona ndiye anayeonja uzito wenyewe kila barabara inapopinda. Anayeshindwa katikati ya njia wanasema ameomba kitanda, na maneno hayo yataambatana na jina lake mpaka watu watakapokunywa kahawa ya msiba wake. Lakini kuna aibu iliyo chini ya hiyo. Kuna mbebaji anayekunja goti kidogo tu, bega lishuke, mzigo uwaangukie wenzake. Anayeomba kitanda ni dhaifu. Anayekunja goti ni mwizi.

Baba yake, Don Arcesio, alibeba kona ile mpaka alipozeeka, akapewa pini ya dhahabu anayoivaa hata akienda kununua mkate. Kila asubuhi Evelio humpigia magoti baba yake amfunge kamba za viatu, kwa sababu goti la kulia la mzee limekakamaa siku nyingi. Mwenyewe husema ni baridi ya mlimani iliyomwingia. Asubuhi baada ya kutoka Popayán Evelio alifunga kamba, akiwa ameegemea goti lake zima, na akiwa bado chini akasema hatabeba mwaka huu. Akaeleza kano, akaeleza gegedu, akaeleza aliyosema daktari.

Mzee aliweka chini kikombe chake cha maji ya sukari guru.

"Unatembea?"

"Natembea."

"Nenda mpaka mlangoni urudi."

Evelio akaenda, akarudi. Alitembea kama askari wa gwaride, na alilichukia goti lake kwa kutembea vizuri hivyo.

"Sioni ugonjwa," mzee alisema.

"Hauonekani, mzee. Uko ndani. Nikigeuka linanitoka."

Don Arcesio alikaa kimya akitazama ndani ya kikombe. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko desturi yake, kwa kuwa mzee yule hakuwa mtu wa kutafuta maneno.

"Basi usigeuke kama unacheza ngoma," akasema mwishowe. "Geuka polepole. Kanyaga na mguu wa nje kwanza."

Msimamizi wa jukwaa, Don Laureano, alikuwa mtamu zaidi, na utamu wake ulikuwa sumu. Alimpa pole, akamshika bega, akasema afya ni mali na asijisumbue. Mpwa wake Yeison amekuwa kinda wa jukwaa kwa miaka, akibeba hatua chache hapa na pale wenye mahali pao wanapopumua, naye yuko tayari. Evelio akauliza kama mwakani atarudishiwa kona yake. Don Laureano akacheka kwa huruma, akasema hayo ya mwakani anayajua Mungu. Nje mlangoni Evelio alikutana na Yeison mwenyewe, ambaye alikuwa tayari ameanza kuvimba bega kwa kujizoeza na gogo.

Akaamua kubeba. Tusimwite mjinga upesi. Mji mzima ungemwona akitembea kwenda dukani Jumatatu ya Pasaka, na nani angeenda kuchungulia ndani ya goti lake? Dorelly alilia kwa hasira, akavunja sahani, kisha akasema neno moja tu la maana: "Wao watakuvika jina zuri. Mimi ndiye nitakayekuvika suruali." Wakakubaliana kwamba atavaa gango chini ya kanzu. Kanzu ya mbebaji ni pana na inafika kwenye vifundo vya miguu, hakuna atakayejua.

Lakini mbebaji hajivalishi. Huvalishwa na baba yake, kama anaye. Ijumaa mchana Don Arcesio alikuja na kanzu ya buluu mkononi, akampitishia kichwani, akamzungushia mshipi, na alipokuwa akiushusha upindo kiganja chake kikagonga chuma. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akavuta kigoda akakaa, mguu wake mkavu ukiwa umenyooka mbele, akaipandisha kanzu na kufungua mikanda ya gango mmoja mmoja.

"Watalisikia likilia kila hatua," alisema. "Watasema Maca amebeba kwa msaada."

Evelio alisimama ameinua mikono kama mtoto anayevuliwa nguo akaogeshwe. Mwanamume mwenye karakana na mke, na hakusema neno. Aliona aibu kunyamaza, na aliona aibu zaidi kwamba angeona aibu kusema. Gango likawekwa chini ya kitanda pamoja na ndala.

Walitoka saa kumi jioni. Mtaa wa kwanza ulikuwa umenyooka, na Evelio alibeba vizuri. Mti wa jukwaa ulimkaa begani palepale ulipomkaa baba yake, Bwana wa Nguzo akayumba taratibu kama inavyotakiwa, na wanawake wa vetezo walipita mbele wakifukiza ubani. Kona ya kwanza aligeuka polepole, akatanguliza mguu wa nje. Goti likakaa. Akaanza kufikiri labda mzee ana akili kuliko mashine, na furaha kidogo ikamwingia, na furaha hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi baadaye kila alipoikumbuka.

Kona ya duka la dawa ndiyo nyembamba, na mawe yake yana nta ya mishumaa. Mguu wa nje ulikwama kati ya mawe mawili, uzito wote wa jukwaa ukamjia, na goti likaondoka. Safari hii aliusikia mchaniko. Jukwaa likainama, mapambo ya fedha yakalia, umati ukavuta pumzi. Hakuanguka. Aliushikilia mti kwa mikono miwili, akajaribu kuunyoosha mguu. Ukakataa. Kitu kilikuwa kimeingia kati ya mifupa na kuukaza, kama kabari iliyochomekwa chini ya mlango.

"Nyoosha mguu, Maca," mtu wa nyuma yake alinong'ona.

"Haunyooki."

"Nyoosha, unatuua."

Akatembea hivyo, goti limekunjwa, bega limeshuka, mzigo wake ukiwaangukia wengine watatu wa mbele. Maumivu yalikuwa makali hata macho yake yakawa hayaoni vizuri, lakini masikio yalikuwa mazima. Aliwasikia watu wa barazani. Hawakuzomea, maana ni Ijumaa Kuu. Walisema kwa sauti za kanisani kwamba Maca anakwepa, na mwanamke mmoja akasema afadhali angeomba kitanda kama wanaume.

Nyumba ya Don Arcesio ilikuwa mtaa uliofuata. Mzee alikuwa mlangoni kwenye kiti, suti nyeusi, pini ya dhahabu. Jukwaa lilipokaribia aliinuka kwa heshima kama kila mwaka. Akatazama uso wa Bwana wa Nguzo, kisha akashusha macho kwenye kona ya mbele kushoto, mpaka kwenye goti lililokunjwa chini ya kanzu ya buluu. Majirani walikuwa wanamtazama yeye. Akakishika kiti chake, akaingia nacho ndani, akafunga mlango.

"Kitanda," Evelio akasema.

Yeison alikuwa chini ya mti kabla neno halijaisha.

Daktari Nubia alimpasua baada ya Pasaka. Gegedu ya ndani ilikuwa imechanika kwa urefu na kipande kimejikunja katikati ya goti, kimekauka hata hakishoneki, akakikata akakitupa. Kano mpya aliiweka, na akaiweka vizuri. Hakumgombeza. Alimwambia tu, mikono yake ikiwa mifukoni, kwamba goti hilo litazeeka mapema kuliko yeye, na kwamba angetaka sana kumjua aliyelivua gango.

Akamjua. Siku ya kurudi kukaguliwa, Dorelly alimburuta mkwewe mpaka Popayán akasikie kwa masikio yake. Mzee aliingia chumbani akichechemea. Daktari alimtazama anavyotembea, akasahau kumsalimia. Akamwomba avue viatu apande kitandani. Mzee alikataa, akasema ni baridi tu, kisha akapanda, kwa kuwa mwanamke yule hakuonekana mtu wa kukataliwa. Daktari alilikunja goti mpaka pale lilipokubali kukunjika, likakwaruza hata Evelio akasikia kutoka kwenye kiti chake. Akaweka mkono mmoja juu na mmoja chini, akavuta. Akavuta tena.

"Kano hii imekatika zamani sana, Don Arcesio," alisema. "Ulifanya nini?"

"Niliteleza na gunia la kahawa," mzee alisema. "Huyu hajazaliwa."

"Na ukabeba jukwaa nalo?"

"Miaka yote. Hakuna aliyejua. Hata mama yake hakujua." Na alipolisema hilo aligusa pini yake, na uso wake ukachangamka kwa fahari.

Evelio alimtazama. Akakumbuka ukimya juu ya kikombe, akakumbuka lile neno la kukanyaga na mguu wa nje kwanza. Mkandaji hakujua, Don Laureano hakujua, mji mzima haukujua, na wote alikuwa tayari kuwasamehe kwa sababu hiyo.

"Nilipokwambia linanitoka, ulijua."

"Nilijua."

"Na gango ukanivua."

"Mimi sikuwa na gango," baba yake akajibu.

Daktari alienda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu. Mzee alishuka kitandani, akatumbukiza miguu kwenye viatu, akaketi, akainyoosha mbele kama kila asubuhi, kamba zikining'inia, akangoja. Evelio asingeweza kupiga magoti hata kama angetaka, na hakutaka. Alichukua magongo yake akamwambia Dorelly waondoke, basi la saa sita litawaacha. Don Arcesio akawafuata koridoni akiburuta kamba.