Pigo la Kwanza ni la Besi

"Mimi kazi ya mtu siigusi," Nyundo alipenda kutamba, mkono kifuani. "Kinanda ni cha Profesa, besi ni yangu. Hata akipiga chafya katikati ya wimbo, chafya hiyo itaingia kwenye albamu kama ilivyo."

Watu walicheka, na waliamini. Nyundo aliitwa Nyundo kwa jinsi kidole gumba chake kilivyogonga nyuzi za besi. Profesa aliitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu, maana shule alikimbiana nayo mapema. Tangu ujana walipiga pamoja kwenye kumbi za harusi na hoteli, nyimbo za watu wengine. Sasa mvi zilikuwa zimeshabisha hodi, ndipo wakaingia studio kurekodi albamu yao wenyewe: jazi iliyochanganywa na fanki, bila mwimbaji. "Tukiweka mwimbaji," Profesa alisema, "watu watamsikiliza yeye."

Taabu ni kwamba Profesa mwenyewe alikuwa anaacha kusikia. Lilianza sikio la kushoto, la kulia nalo likaona wivu. Daktari hakumung'unya maneno: usikivu ule haungerudi. Kwa hiyo wimbo wa mwisho waliurekodi kama watu wanaoanua nguo mvua imeshaanza kunukia.

"Shemeji yako anasema nimekuwa redio," Profesa alisema siku hiyo akikaa kwenye kinanda. "Naongea tu, sisikii."

"Redio ina nafuu, huzimwa."

Profesa akacheka. Midomo alikuwa ameshajifunza kuisoma.

Akapiga. Vidole vilikuwa vilevile, lakini kila mahali vilifika nyuma kidogo ya besi, kama mtu anayeitikia amina wenzake wameshavaa viatu. Alipomaliza, akamgeukia mwenzake. "Vipi?"

"Tamu," Nyundo alisema.

Profesa alivua miwani, akaifuta taratibu kwa shati. "Basi ndiyo ya kuagia hiyo, ndugu yangu. Sitapiga tena."

Kesho yake Nyundo alimtuma fundi mitambo, dada asiye na maneno mengi, akapate chakula cha mchana bila haraka. Akabaki peke yake, akakaa kwenye kiti cha Profesa, akaupiga wimbo ule upya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amesimama kando ya kinanda kile umri mzima, hakuna alichokikosa. Ukatoka umenyooka kama rula. Kisha akaifuta rekodi ile ya Profesa kwa mkono wake mwenyewe, mtu asije akashawishika kuitumia. Alijiambia ni heshima: rafiki haachwi atembee uchi mbele za watu.

Fundi aliporudi alisikiliza, akamtazama. "Mzee, hii..."

"Ni yake. Nimeinyoosha tu."

Fundi akaendelea kukunja nyaya.

Siku ya kuisikiliza albamu nzima, Profesa alikuja na mkewe. Chumba kilikuwa cha mablanketi yaliyotundikwa ukutani, hewa nzito. Profesa hakusikia tena hata mlango ukifungwa. Alivuta kiti hadi kwenye spika kubwa, akaweka viganja viwili juu yake, akafumba macho. Nyimbo zikapita. Alitikisa kichwa, akatabasamu palipostahili.

"Yote yake, Shemeji," Nyundo alimnong'oneza mke wa Profesa. "Sijagusa kitu."

Ukaja wimbo wa mwisho. Profesa aliondoa kiganja kimoja, akakirudisha. Akamwashiria fundi aurudie mwanzo. Safari hii mguu wake uligonga sakafu, na tabasamu likaondoka.

"Pigo la kwanza," alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiosikia sauti zao. "Kila mzunguko unapoanza, pigo la kwanza mimi huwa sipigi. Namwachia besi. Tangu tuanze, sijawahi kulipiga. Ni kiti chake."

Nyundo alikitazama kidole gumba chake. Miaka yote alidhani pigo lile linalia zito kwa sababu ya kidole hicho. Hakuwahi kujua kwamba kuna mtu alikuwa anampisha.

"Hapa kuna mtu amebanana na besi kwenye kiti," Profesa alisema, akamgeukia. "Si mimi. Yangu iko wapi?"

Nyundo alikifumbata kidole gumba chake.

"Niwekeeni yangu. Najua ilichelewa. Nilijua nikiwa napiga. Lakini ndiyo ya mwisho niliyonayo."

Fundi aliondoa mikono kwenye mitambo, akaipakata mapajani, macho kwa Nyundo. Shemeji naye akamtazama. Nyundo alifungua kinywa, na Profesa akavaa miwani vizuri, akainama mbele, akaikazia macho midomo yake, apate kusoma.